Nyumba ya Vyumba Sita Mjini Babati: Uhakiki wa Usanifu na Historia ya Makazi ya Kawaida ya Katikati ya Karne ya 20

1.0 Utangulizi

Maandishi kuhusu usanifu wa majengo nchini Tanzania yameelemea upande mmoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani yameandikwa sana, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, umepimwa na kuchorwa karibu nyumba kwa nyumba. Maboma ya Wajerumani yana sura zake katika vitabu. Hata majengo ya katikati ya karne ya 20 yameanza kutazamwa, hasa yale yenye jina la msanifu; jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi, lililosanifiwa na Ernst May, ni mfano mzuri. Nyumba ambayo Watanzania wengi wa mijini walizaliwa, wakapanga, wakaolea na kufia ndani yake haimo katika orodha hiyo. Haina jina la msanifu wala jiwe la msingi.

Makala haya yanahakiki nyumba hiyo kwa kuangalia mji mmoja wa bara, yaani Babati. Nyumba inayohusika ni ile ya chini, ya mstatili, yenye korido katikati na vyumba vitatu kila upande, iliyoezekwa kwa bati. Katika lugha ya watu huitwa nyumba ya Kiswahili. Imehukumiwa kwa namna mbili. Macho ya mipango miji huiona kama upungufu: kitu cha muda kinachosubiri kuondolewa ili mji upendeze. Macho ya historia ya utamaduni huiona kama nakala: umbo la pwani lililobebwa kwenda bara na kuwekwa pale lilivyo. Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu zote mbili zina kasoro. Nyumba ya vyumba sita ya Babati ni jibu lililofikiriwa kwa matatizo ya mahali na wakati wake. Ina ubora na udhaifu wake, na vyote viwili vinastahili kupimwa kwa vigezo vya usanifu. Kupima kwa huruma, au kwa aibu, hakutoshi.

2.0 Ramani na Mantiki Yake

Ramani ya nyumba hii haina mengi. Mlango wa mbele hufunguka kwenye korido inayoipasua nyumba moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Vyumba vitatu vya kulia hutazamana na vitatu vya kushoto. Mbele kuna baraza, mahali pa kuketi panapoangalia njia. Nyuma kuna ua wenye jiko, stoo, bafu na choo, na penye uwezo huongezwa safu ya vyumba vya uani.

Urahisi huo umewafanya wengi wadhani kwamba hakuna cha kuhakiki. Hata hivyo, ramani hii ina uamuzi mmoja mzito: kila chumba hufungukia korido, na hakuna chumba kinachopitia chumba kingine. Kila mlango unaweza kuwa na kufuli lake. Matokeo yake ni kwamba nyumba moja inaweza kuwa ya familia mwaka huu, nusu ya familia na nusu ya wapangaji mwaka ujao, kisha ikarudi kuwa ya familia watoto wanapoongezeka, bila kuvunja ukuta hata mmoja. Nyumba ya sebule, ambayo imekuwa kipimo cha maendeleo kuanzia miaka ya 1980, haiwezi jambo hilo. Vyumba vyake vinazunguka sebule, na mgeni hawezi kufika chumbani kwake bila kukatiza maisha ya mwenye nyumba. Nyumba ya korido inamruhusu mwenye nyumba abadili mpango kadiri maisha yanavyobadilika. Katika mji ambao kipato hutegemea mvua na bei ya mazao, uwezo huo una thamani kubwa.

Uamuzi wa pili unahusu pande mbili za nyumba. Baraza ni la njia na wapita njia; ua ni wa wenyeji. Wachambuzi wa nyumba za pwani huueleza mgawanyo huu kwa faragha, hasa ya wanawake, na kuuhusisha na maadili ya Kiislamu. Maelezo hayo yana msingi pwani, lakini hayatoshi kwa Babati, ambako wenye nyumba ni Waislamu na Wakristo pia, na ambako mji haujawahi kuachana na shamba. Uani Babati ndipo mahindi, maharage na mbaazi huanikwa, hupepetwa na kutiwa magunia. Ndipo kuku hulala na mbuzi hufungwa. Kwa hiyo ua umebaki mahali pale pale katika ramani huku kazi yake ikibadilika. Ulianza kama kizuizi cha macho na hapa ukawa uwanja wa kazi. Anayeiita nyumba hii nakala anatazama mistari ya ramani na kusahau yanayofanyika ndani ya mistari hiyo.

Udhaifu wa ramani hii nao uko wazi. Korido hupata mwanga kutoka milango miwili tu. Ikifungwa, ni giza mchana kutwa. Chumba cha katikati kila upande kina ukuta mmoja tu wa nje, hivyo kina dirisha upande mmoja. Jirani akijenga karibu na mpaka, dirisha hilo hutazama ukuta na chumba hukosa hewa. Ramani hii ilitegemea nafasi kati ya nyumba na nyumba. Viwanja vilipogawanywa tena na tena, sharti hilo lilivunjwa, na lawama ikaangukia ramani badala ya mgawanyo wa ardhi.

3.0 Njia ya Kufikia Babati

Babati iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kati ya ziwa lenye jina hilo hilo na Mlima Kwaraa. Ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambako wazungumzaji wa familia nne za lugha wamekuwa majirani: Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Wambugwe na Warangi wenye lugha za Kibantu, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, na mbele kidogo Wasandawe na Wahadza wenye lugha za mivuto. Hakuna hata jamii moja kati ya hizi iliyokuwa na nyumba ya korido. Wagorowa, Warangi na majirani zao walijua tembe, nyumba ndefu ya chini yenye paa bapa la udongo. Baadhi ya nyumba za Wairaqw zilichimbiwa ubavuni mwa kilima.

Umbo la korido lilikuja kwa njia za biashara. Kondoa, kusini mwa Babati, ilikuwa kituo cha misafara kabla ya utawala wa Wajerumani, na wenyeji wake wengi walisilimu. Hapo ndipo penye sababu nzuri ya kutafuta hatua ya kati baina ya pwani na Babati, kwa kuwa Warangi waliohamia kaskazini walikuwa wameshaizoea nyumba ya mji. Vita navyo vilipita njia hiyo hiyo: Aprili 1916 majeshi ya van Deventer yalishuka kutoka kaskazini kupitia Ufiome hadi Kondoa. Chini ya Waingereza, Babati ikawa sehemu ya Wilaya ya Mbulu katika Jimbo la Kaskazini, na Barabara Kuu ya Kaskazini ikaifanya kituo cha safari kati ya Arusha na Dodoma. Maduka ya Waasia yalipangana kando ya barabara. Nyuma yake zikakua nyumba za makarani, mafundi, madereva, wachuuzi na vibarua wa mashamba makubwa ya Bonde la Kiru.

Watu hao walihitaji makazi yasiyodai nasaba. Tembe ilijengwa kwa nguvu za ukoo na majirani, na kuishi ndani yake kulimaanisha kuwa na nafasi katika ukoo huo. Karani kutoka mbali hakuwa na nafasi hiyo. Alihitaji chumba, mlango na kufuli. Kwa maana hii nyumba ya korido ilifanya kazi inayofanana na ile ya Kiswahili chenyewe katika mji huo: iliwapa watu wa asili tofauti utaratibu wa kuishi pamoja usio mali ya yeyote kati yao. Ulinganisho huo, hata hivyo, usivutwe kupita kiasi. Lugha haina mwenye nyumba. Nyumba ina mwenyewe, na wote waliolala chini ya paa lile hawakuwa sawa.

Msimamo wa serikali kuhusu umbo hili ulikuwa wa kigeugeu. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1914 kwa Dar es Salaam ziligawa mji katika kanda kwa viwango vya majengo, na Waingereza wakaendeleza mantiki hiyo. Nyumba ya udongo ikawekwa katika kanda ya mwisho. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, hivyo wengi walimiliki kuta bila kuwa na hati ya mahali kuta ziliposimama. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962 lilibomoa nyumba za udongo Magomeni na kujenga za saruji, lakini ramani iliyotumika ilifuata nyumba ya Kiswahili. Tukio hilo lina uzito katika uhakiki huu. Wataalamu waliokuja kuondoa nyumba hiyo walipolazimika kuwapa wenye nyumba kitu wanachokihitaji, waliichora upya. Walichokataa kilikuwa udongo, ramani waliikubali.

4.0 Paa, Ukuta na Mvua

Tofauti kubwa kati ya tembe na nyumba ya vyumba sita ni paa. Paa la udongo hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku, jambo lenye maana katika mwinuko wa Babati, ambako Juni na Julai hutaka blanketi. Lakini paa bapa huvuja mvua zikizidi, na uzito wake hudai nguzo nyingi na kuta fupi. Bati linamwaga maji. Linaruhusu kuta ndefu, madirisha, na mtu mzima kusimama wima kila pembe ya chumba. Gharama yake ni joto la saa saba mchana, baridi ya alfajiri, na kelele za mvua zinazomnyima mtu usingizi na mazungumzo. Dari ingepunguza matatizo hayo yote matatu, lakini dari ndiyo huachwa ya mwisho, na katika nyumba nyingi haifikiwi kamwe.

Bati lilibadili pia uchumi wa kujenga. Tembe ilihitaji watu. Bati lilihitaji fedha. Mtu aliyeweza kualika majirani kwa pombe na chakula aliweza kuwa na tembe, lakini hakuweza kuwaalika wampe mabati. Kuanzishwa kwa kiwanda cha ALAF Dar es Salaam mwaka 1960 na kile cha saruji cha Wazo Hill kilichoanza uzalishaji 1966 kulisogeza vifaa hivyo karibu, ingawa umbali wa Babati uliongeza bei. Ndiyo maana nyumba za kizazi hicho ni mchanganyiko: bati juu, tofali za udongo ukutani, saruji kwenye sakafu ya chumba cha mbele na baraza tu. Mchanganyiko huu umesomwa kama dalili ya kutokamilika. Usomaji sahihi zaidi ni kwamba fedha chache zilipelekwa pale ambapo zilileta faida kubwa kwanza. Paa bora hulinda ukuta duni. Ukuta bora chini ya paa bovu hauna maana.

Ukuta wa udongo una adui mmoja mkubwa, maji yanayotoka chini. Ziwa Babati limewahi kufurika na kuingia mjini, kama katika mafuriko ya 1990, na tofali mbichi ikilowa kwenye msingi hushusha ukuta mzima. Msingi wa mawe ulioinuliwa ungepunguza hatari hiyo. Mahali ulipokosekana, kosa ni la ujenzi, na hapa mwenye uhakiki hana budi kuwa mkali: kuipenda nyumba ya udongo bila kuidai msingi ni kumpenda mkaaji wake nusu nusu.

Jambo moja limeachwa kabisa katika maelezo ya kawaida. Ukuta wa udongo haujengwi mara moja. Hujengwa kila mwaka, kwa kukandika nyufa na kusiliba sakafu, na kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Anayetajwa kuwa mjenzi ni mwanamume aliyelipia bati. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Uamuzi huo ni wa sheria ya ndoa, lakini historia ya usanifu ina la kujifunza kwake. Nyumba ya udongo iliyosimama miaka 50 ina wajenzi wawili, na mmoja wao hajaandikwa popote.

5.0 Chumba cha Kupangisha

J. A. K. Leslie, katika utafiti wake wa Dar es Salaam uliochapishwa 1963, alionyesha jinsi maisha ya Mwafrika wa mjini yalivyozunguka chumba cha kupanga na mwenye nyumba mdogo anayeishi humo humo. Babati ilikuwa ndogo mno kulinganishwa na Dar es Salaam, lakini utaratibu ulikuwa huo. Vyumba viwili au vitatu vya mwenyewe, vilivyobaki vya wapangaji. Choo kimoja, jiko moja, zamu ya kufagia korido.

Utaratibu huo uliingia katika kiini cha siasa ya nchi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya vyumba sita ya udongo ilikuwa chini mno ya kiwango hicho, kwa hiyo haikuguswa. Lakini mantiki ya Azimio ilileta swali ambalo nyumba hiyo inalifanya kuwa gumu: je, mjane anayepangisha vyumba vitatu na kulala katika cha nne ni mnyonyaji? Miiko ililenga uongozi, wala haikumlenga mjane. Hata hivyo, lugha ya wakati ule haikuwa na neno la kumtofautisha na mwenye majumba kumi. Ramani ya nyumba ilikuwa nalo. Mwenye nyumba aliyekuwa akitumia choo kile kile na korido ile ile na mpangaji wake aliishi chini ya macho ya mpangaji huyo, na kulala naye chini ya bati moja kuliweka mpaka fulani kwenye ukali wa kodi na kwenye uchafu wa ua. Mpaka huo haukuwa haki, na migogoro ilikuwepo. Lakini ulikuwa mpaka, na mwenye nyumba asiyeishi pale hana wa kumwekea mfano wake. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza miiko ya uongozi, upangishaji ulirudi kuwa biashara ya kila mwenye uwezo. Nyumba zilizofuata zilijengwa kwa ajili ya kupangisha tu, mwenye nyumba akiishi kwingine.

6.0 Kinachohifadhiwa na Kinachopotea

Ipo nyumba moja ya kawaida ya katikati ya karne ambayo taifa limeihifadhi: ile ya Magomeni, Dar es Salaam, aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955. Leo ni makumbusho. Kuihifadhi ni jambo jema, lakini sababu ya kuihifadhi inafichua tatizo. Imehifadhiwa kwa ajili ya aliyeishi humo. Ingekuwa ya fundi cherehani, ingeshabomolewa, ingawa kama jengo ingekuwa na thamani ile ile. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo ilitungwa ikitazama zaidi masalia ya kale. Nyumba ya udongo ya 1955 ni changa mno kwa wahifadhi na chakavu mno kwa wapangaji wa miji.

Kubomoa peke yake si dhambi. Magomeni Kota, zilizokuwa makazi ya chini ya enzi ya ukoloni, zilibomolewa na mahali pake pakajengwa maghorofa yaliyofunguliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644. Kaya hizo zilihitaji maji, choo cha ndani na paa lisilovuja, na hakuna uhakiki wa usanifu unaoweza kuwadai wakazi waendelee kuteseka ili mtafiti apate cha kuchora. Swali ni kama kilichojengwa kilibeba akili iliyokuwemo katika kilichobomolewa: chumba kinachoweza kupangishwa bila kuvunja familia, na ua wa kufanyia kazi.

Babati swali hilo ni la haraka. Mwaka 2002 mji ulifanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara, na sensa ya 2012 ilihesabu watu 93,108 katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa 2018 na kukamilisha njia ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya vumbi na matope. Ardhi iliyo kando ya barabara ilipanda bei. Mabadiliko yanayofuata hali kama hiyo yanafahamika katika kila mji wa bara: baraza huvunjwa kwanza, mahali pake hujengwa fremu za maduka, na nyumba ya nyuma hubaki bila uso hadi nayo iondolewe. Baraza ndilo lililokuwa mahali pa mzee kuketi na mpita njia kusalimu bila kununua kitu. Fremu inamtaka mpita njia awe mteja. Faida ya kodi ni ya kweli, na mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa kuichukua, lakini hasara nayo ni ya kweli na haijawekwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Urasimishaji wa makazi, unaoendelea katika miji mingi nchini, unatoa nafasi adimu. Wapimaji huingia kila kiwanja na kuchora mipaka yake. Mpaka wa kiwanja huchorwa; ramani ya nyumba iliyomo haichorwi. Kuongeza mchoro mmoja wa vyumba, pamoja na mwaka wa kujengwa na vifaa vilivyotumika kadiri wenyeji wanavyokumbuka, kungeipa nchi kumbukumbu ya usanifu wa watu wa kawaida ambayo haina leo, na kungewafaa warithi pia, kwa kuwa migogoro mingi ya mirathi huhusu vyumba kuliko viwanja.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nyumba ya vyumba sita ya Babati haiwezi kuelezwa kwa neno nakala wala kwa neno upungufu. Korido yake ilitoka pwani kwa njia ya biashara, lakini ua wake ulipewa kazi ya shamba, paa lake lilikuja badala ya tembe kwa faida na hasara zinazopimika, na vyumba vyake vilibeba uchumi wa upangaji ambao siasa ya Azimio ilishindwa kuupa jina. Udhaifu wake ni mwanga, hewa, msingi na choo. Yote hayo yanaweza kurekebishwa bila kuitupa ramani, kama ujenzi wa Magomeni wa miaka ya 1960 ulivyothibitisha kwa upande wa kuta. Watafiti wa Kiswahili wamezoea kuuliza msamiati wa baraza, ua na ukumbi umetoka wapi na umeenea vipi. Vitu vyenyewe bado vimesimama nyuma ya fremu za Babati, na kizazi kilichovikandika kwa mikono bado kina watu wa kuulizwa. Kazi ya kupima na kuandika inapaswa kuwakuta wangali hai.